Kiti Kimoja Tokyo: Namna ya Kupata Nafasi Kwenye Kaunta ya Sushi Ukiwa Kigoma

Safari ya Japani si jambo geni tena Kigoma. Wapo wanaofuata magari, wapo vijana waliopata ufadhili wa shahada ya uzamili kupitia mpango wa ABE uliotangazwa na serikali ya Japani kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika kuhusu maendeleo, wa mwaka 2013 mjini Yokohama, na wapo watumishi wanaoitwa na JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani, kwa mafunzo ya wiki chache. Mimi nashughulikia tiketi na hoteli zao hapa Mwanga, na tukishamalizana habari za ndege, wengi hutoa simu mfukoni na kunionyesha video za aina moja: mpishi mzee nyuma ya kaunta, wali kidogo kwenye vidole, kipande cha samaki juu yake, na wageni wachache wanaomtazama kimya kimya. Wanataka kula hapo. Fedha wanazo, tarehe wanazo, hamu wanayo. Halafu tunaingia mtandaoni na kukuta nafasi zimejaa mwezi huu, ujao na unaofuata, au mgahawa wenyewe haumpokei kabisa mtu asiyeletwa na mwenyeji.

Hapo maneno huanza. Huyu atasema ni ubaguzi, yule atasema ni maringo, na mwingine ataanza kutafuta dalali. Naona wote wanalitazama jambo hili kama ununuzi wa kawaida, na ndiyo maana linawachanganya. Mwenye kaunta ya namna hii anatafuta mtu mmoja tu: yule atakayefika kweli, kwa saa, akiwa tayari kula alichoandaliwa. Ukilishika hilo, masharti yote yanayoonekana ya ajabu yanaanza kueleweka, kuanzia kadi ya benki inayodaiwa kabla hujala, faini ya bei nzima, kuletwa na mtu, hadi kufika kwa dakika. Na ukishayaelewa, njia ya kupata kiti nayo inaonekana.

Kaunta yenyewe ikoje

Sushi ya kiwango hiki hailiwi kwenye meza iliyojitenga. Kuna ubao mmoja mrefu, viti vinane, kumi au kumi na viwili, na mpishi amesimama upande wa pili. Sukiyabashi Jiro, mgahawa ambao Shinzo Abe, waziri mkuu wa Japani wa wakati huo, alimpeleka Barack Obama Aprili 2014, una viti kumi tu, na upo chini ya ardhi kwenye jengo la ofisi jirani na kituo cha treni cha Ginza. Mwanzilishi wake, Jiro Ono, alizaliwa mwaka 1925. Anayefika pale akitegemea jumba la kifahari atapita mlango bila kuuona.

Menyu hakuna. Mlo wa omakase maana yake ni kwamba mpishi ndiye anayepanga utakula nini na kwa mfuatano gani, na wewe unapokea kipande kimoja kimoja, kwa kawaida kumi na tano hadi ishirini kwa jumla. Wali wake una siki na chumvi, na huliwa ukiwa na uvuguvugu unaokaribia joto la mwili. Ukichelewesha kipande kwa ajili ya picha, wali unapoa na samaki anabadilika ladha. Kwa sababu hiyo kaunta nyingi huwaanzisha wageni wote kwa wakati mmoja. Kama zamu ni ya saa kumi na mbili jioni, basi saa kumi na mbili kamili mikono ya mpishi inaanza kazi, na atakayeingia dakika ishirini baadaye amevuruga mlo wa watu tisa wengine pamoja na wake.

Sasa tuje kwenye samaki, maana kiini cha jambo kipo hapo. Soko kuu la Tokyo ni Toyosu, lililofunguliwa Oktoba 2018 kuchukua nafasi ya Tsukiji. Mnada wa jodari hufanyika alfajiri, lakini mpishi wa sushi kwa kawaida hasimami mnadani mwenyewe. Kuna wafanyabiashara wa kati wenye leseni, kila mmoja na aina yake ya samaki, wanaojua mpishi fulani anapenda mafuta kiasi gani na ukubwa gani. Jodari bora akiwa mmoja na wapishi watano wanamtaka, mfanyabiashara ndiye anayeamua nani apate kipande kipi, na huamua kwa kutazama miaka waliyofanya kazi pamoja. Bei nazo zinaweza kufika mbali: mnada wa kwanza wa mwaka 2019, jodari mmoja wa kilo 278 alinunuliwa kwa yeni milioni 333.6. Hiyo ni bei ya sherehe za mwaka mpya na haimaanishi kwamba kila siku ni hivyo, lakini inaonyesha watu wako tayari kwenda umbali gani kwa ajili ya samaki mmoja.

Tena si kila samaki huliwa siku anayonunuliwa. Jodari hulazwa siku kadhaa ili ladha ikomae. Samaki wadogo wa rangi ya fedha wanaoitwa kohada hutiwa chumvi, kisha siki, na kuachwa wapumzike kabla ya kupandishwa juu ya wali. Kwa hiyo mlo wako wa Alhamisi ulianza kuandaliwa Jumanne au hata Jumatatu, kwa hesabu ya vichwa kumi. Wakikosekana wawili, moja ya tano ya mapato ya zamu imeondoka, na vipande vyao haviwezi kuuzwa kesho kwa mtu mwingine katika hali ileile. Mgahawa wa meza mia moja unaweza kulimeza pengo hilo. Kaunta ya viti kumi haiwezi. Mwaka 2018 wizara ya uchumi, biashara na viwanda ya Japani ilikadiria kwamba wateja wanaoweka nafasi na kutotokea wanaisababishia migahawa ya nchi hiyo hasara ya takriban yeni bilioni 200 kwa mwaka.

Aliyewahi kusimama mwalo wa Kibirizi alfajiri ataelewa haraka kuliko mtu wa mjini anayenunua samaki kwenye friji. Vipe, vyombo vya wavuvi wa dagaa, vinarudi, dagaa wapo, na pembeni wamesimama akina mama wenye mabeseni. Anakuja mgeni na noti zake mkononi, tayari kulipa hata zaidi kidogo, lakini beseni la kwanza linakwenda kwa mama ambaye mwenye kipe anamjua: amenunua kwake mwezi wa giza na dagaa ni wengi, akanunua kwake wakati wa mbalamwezi wanapopatikana wa kubahatisha, na hajawahi kumkimbia na deni. Mgeni hafukuzwi. Anasubiri kitakachobaki. Akija mara ya pili na ya tatu, jina lake linaanza kutamkwa. Mwenye kipe anajua kwamba noti za leo hazimsaidii siku ambayo samaki wamejaa na wanunuzi hawapo.

Kwa nini kiti hakifiki sokoni

Tupige hesabu ya mfano. Kaunta ya viti kumi, zamu mbili kwa siku, siku ishirini na nne za kazi kwa mwezi. Soko la Toyosu hufungwa Jumapili, sikukuu na baadhi ya Jumatano, na migahawa mingi hufuata kalenda hiyo. Unapata viti 480 kwa mwezi. Wateja wa kudumu 240 wakija mara moja tu kwa mwezi, kila mmoja na mwenzake, viti vimekwisha. Watu 240 si kitu kwenye jiji ambalo, pamoja na vitongoji vyake, lina watu zaidi ya milioni thelathini. Na utaratibu ulivyo, mteja wa kudumu akimaliza kula na kulipa hupanga hapo hapo tarehe yake ijayo. Kiti hakijawahi kutangazwa mahali popote. Kilitoka mkononi mwa mtu na kurudi mkononi mwa mtu huyohuyo.

Ndiyo maana Novemba 2019, toleo la mwaka 2020 la Michelin, mwongozo wa migahawa bora, kwa jiji la Tokyo lilipotangazwa, Sukiyabashi Jiro na Sushi Saito hazikuwemo. Zote mbili zilikuwa na nyota tatu, daraja la juu kabisa, na hakuna aliyesema chakula kimeharibika. Zilitolewa kwa sababu zilikuwa hazipokei tena maombi ya watu wa kawaida, na mwongozo unaoelekeza umma haukuona sababu ya kuorodhesha mahali ambapo umma hauingii.

Msomaji atauliza: kama wanaotaka ni wengi hivyo, si wapandishe bei hadi wabaki wachache? Zipo sehemu zinazofanya hivyo. Kule New York, mgahawa wa sushi wa Masa hutoza zaidi ya dola 700 kwa mtu kabla ya vinywaji. Kaunta zinazogombewa Tokyo, nyingi zipo kati ya yeni 30,000 na 60,000, yaani kuanzia karibu nusu milioni ya shilingi zetu kwa viwango vya karibuni. Ni fedha nyingi, sikatai, lakini ni chini ya kile ambacho baadhi ya watu wangekubali kulipa. Naamini wapishi wanajua wanachofanya. Mwaka 2020 Japani ilipofunga mipaka kwa sababu ya korona, watalii walipotea, na watalii wanaojitegemea hawakuruhusiwa tena hadi Oktoba 2022. Katika muda wote huo aliyeketi kwenye viti ni mteja wa mtaani, yule aliyekuwa akija kabla. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni zaidi ya milioni 36, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla ya mwaka huo, na wengi wao wanataka sushi. Mpishi akiwaacha wa mtaani ili awakimbilie hawa, atamkuta nani kwenye kiti siku mipaka ikifungwa tena?

Hata hivyo nasema wazi kwamba kaunta iliyofungwa kabisa inaniumiza. Kazi ya mikono ya miaka hamsini inapobaki kuonwa na watu mia mbili wale wale, kijana wa nchi nyingine aliyeipenda kwa dhati hana pa kuionea. Wapishi wengi wa kizazi kipya wanaliona hilo, na wameanza kutenga viti kwa ajili ya wageni wa mara ya kwanza. Hao ndio tunaopaswa kuwatafuta.

Milango iliyopo, na saa zetu

Mlango ulio wazi zaidi ni mtandao. Zipo tovuti za kuweka nafasi zinazotumiwa na migahawa ya Japani, miongoni mwake Omakase, TableCheck, Pocket Concierge na Tabelog, na baadhi zina kurasa za Kiingereza. Kila mgahawa una siku yake ya kufungua nafasi. Kwa mfano, unaweza kufungua tarehe 1 kwa ajili ya mwezi ujao au wa mbele yake, kwa saa maalumu, na kaunta inayopendwa huisha ndani ya dakika chache. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua siku na saa ya mgahawa unaoutaka, na kazi ya pili ni kutokosea hesabu ya saa.

Hapa Mswahili ana bahati ambayo wengine hawana. Japani iko mbele yetu kwa saa sita, na haibadilishi saa zake majira ya joto kama Ulaya, hivyo tofauti ni ileile mwaka mzima. Saa ya Tokyo inaposoma 10:00 asubuhi, simu yako Kigoma inasoma 04:00, ambayo sisi tunaiita saa kumi alfajiri. Kumi yao ni kumi yetu. Tokyo ikisoma 12:00 mchana, hapa ni saa kumi na mbili asubuhi. Soma namba iliyoandikwa na mgahawa, itamke kwa Kiswahili, na umepata saa yako. Mtego upo kwenye tarehe. Nafasi zinazofunguliwa Tokyo saa 00:00 ya tarehe 1, kwetu ni saa kumi na mbili jioni ya siku iliyotangulia, yaani siku ya mwisho ya mwezi. Anayesubiri hadi usiku wa manane wa Kigoma atakuta viti vimeondoka saa sita zilizopita, wakati yeye anafuturu au anarudi kutoka kazini.

Kabla ya dakika hiyo, akaunti iwe imefunguliwa, jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti, na kadi ya benki iwe imeshaingizwa. Kadi ndiyo inayowakwamisha watu wetu zaidi ya lugha. Nenda benki mapema uhakikishe kadi yako imeruhusiwa kufanya manunuzi ya mtandaoni nje ya nchi, uulize kiwango cha juu kwa siku, na ujue ujumbe wa namba ya uthibitisho unakuja kwenye laini gani. Laini hiyo iwe mkononi na iwe na mtandao saa hiyo ya alfajiri. Kadi pepe inayotengenezwa kwenye simu kwa matumizi ya mara moja siishauri, kwa sababu mgahawa unaweza kuihitaji tena wiki sita baadaye, siku ya mlo au siku unapoghairi. Mingine hukata fedha yote mwanzoni kabisa. Usiogope hilo. Ni kishika uchumba kwa mtu ambaye hawajawahi kumwona, na kwa msafiri asiye na mtu wa kumtambulisha, kadi ndiyo inayosimama badala ya mtambulishaji.

Mlango wa pili ni hoteli. Hoteli kubwa za Tokyo zina dawati la kushughulikia maombi ya wageni, na migahawa kadhaa isiyopokea simu ya mgeni inapokea simu ya dawati hilo. Hoteli inaweka jina lake rehani: mgeni asipotokea, mwaka ujao simu yake haitapokewa kwa moyo uleule. Kwa hiyo dawati litakusaidia kama una nafasi ya chumba iliyothibitishwa na kama umejieleza vizuri. Andika barua pepe mapema. Taja tarehe tatu unazoweza, mchana au jioni, idadi ya watu, vyakula usivyokula, na kwamba umekubali masharti ya kughairi. Barua ya mistari sita iliyokamilika inafanyiwa kazi. Ile ya kusema tu “nitafutieni sushi nzuri” inarudishwa na maswali, na siku zinakwenda. Hoteli za bei nafuu zenye mapokezi ya mashine kwa kawaida hazina huduma hii, na ni vyema ujue kabla ya kulipia chumba.

Wa tatu ni mwenyeji. Kijana aliyeko chuoni Japani kwa miaka miwili, au mfanyabiashara mwenye mshirika wa siku nyingi kule Yokohama au Nagoya, anaweza kualikwa na mteja wa kudumu. Hapa nasisitiza kwa sababu ya heshima yetu: anayekupeleka ndiye anayebeba kila utakachofanya. Ukichelewa, amechelewa yeye. Ukibishana na mpishi, yeye ndiye atakayeombwa maelezo. Usiombe kupelekwa kwa mtu uliyekutana naye juzi. Subiri alete habari hiyo mwenyewe.

Halafu kuna viti vinavyorudi. Masharti ya kughairi huwa na hatua: hadi siku kadhaa kabla ni bure, kisha nusu ya bei, kisha bei nzima. Siku moja kabla ya muda wa bure kwisha, watu wasio na uhakika hughairi, na viti hurudi kwenye mfumo. Soma masharti ya mgahawa, hesabu siku hiyo nyuma kutoka tarehe unayotaka, na tazama siku hiyo asubuhi na jioni. Ukiwa peke yako uwezekano unaongezeka sana, maana wengi huja wawili wawili, na kiti kimoja kikibaki pembeni hakuna wa kukijaza. Chakula cha mchana nacho, pale kinapotolewa, mara nyingi ni rahisi kupata na bei yake iko chini kuliko ya jioni.

Walanguzi ni wa kukaa nao mbali. Kila panapokuwa na kiti adimu hutokea mtu anayekihodhi kwa programu za kompyuta na kukiuza upya. New York tatizo lilikua hadi jimbo likatunga sheria, iliyosainiwa Desemba 2024, inayokataza tovuti kuuza nafasi za migahawa bila mkataba na mgahawa wenyewe. Kampuni za kadi nazo zimeona thamani ya viti hivi: American Express ilinunua Resy, tovuti ya Marekani ya kuweka nafasi migahawani, na ile Pocket Concierge ya Japani mwaka 2019, ili wenye kadi zake wapewe kipaumbele. Hiyo ni biashara halali. Lakini ukinunua kiti cha mtu kwenye kundi la simu, unafika mlangoni na jina lisilo lako mahali ambapo jina ndilo kila kitu. Utarudishwa, na fedha imekwenda.

Yanayotuhusu sisi

Viza kwanza, kiti baadaye. Mtanzania mwenye pasipoti ya kawaida anahitaji viza ya Japani, na ombi hupelekwa Dar es Salaam. Kwa hiyo mtu wa Kigoma anayeweka nafasi yenye faini ya bei nzima kabla viza haijatoka anacheza na fedha yake. Kama tarehe za kufungua nafasi zinakulazimisha kuanza mapema, chagua mgahawa ambao muda wake wa kughairi bila malipo ni mrefu, uandike siku ya mwisho kwenye kalenda, na viza isipotoka, ghairi siku hiyohiyo. Usiache hadi jioni ya mlo. Kughairi kwa wakati hakukuharibii jina.

Kwa Waislamu, nao ni wengi Ujiji na Kigoma mjini, jambo hili liulizwe kabla ya kulipa. Mchuzi wa soya unaopakwa juu ya samaki kwa kawaida huchemshwa pamoja na mirin au sake, ambavyo ni vya kilevi, na mpishi huupaka mwenyewe kwa brashi, kwa hiyo kutochovya hakukuepushi nao. Siki nyekundu inayopendwa na wapishi wa mtindo wa zamani hutengenezwa kwa machicha ya sake. Hukumu ya siki iliyokwisha kugeuka muulize sheikh wako, mimi si mwenye elimu hiyo. Ninachojua ni kwamba wali wote umeshachanganywa siki kabla hujaketi, na kaunta nyingi haziwezi kubadilisha viungo vya wageni wote kwa ajili ya mmoja. Mgahawa ukikataa kwa sababu hiyo, umekujibu kwa ukweli. Ipo mingine mjini Tokyo inayotumia mchuzi na siki visivyo na kilevi, na dawati la hoteli linaweza kukutafutia.

Manukato yaache chumbani. Udi na marashi tunavyovipenda vinafunika harufu ya wali na samaki kwa kila aliyekaa kwenye ubao ule, na zipo kaunta zinazomrudisha mgeni kwa sababu hiyo. Watoto wadogo wengi hawapokelewi. Asiyekula samaki mbichi asiende kwa kujilazimisha, kwa sababu kukataa vipande kimoja baada ya kingine mbele ya aliyevitengeneza kunaumiza pande zote mbili. Na baada ya kurudi, tafadhali usijaribu nyumbani kwa migebuka au kuhe. Samaki wa maji baridi wana vimelea vinavyohitaji moto, na sushi ya Tokyo hutumia samaki wa baharini wanaochaguliwa na kutayarishwa na watu wenye ujuzi huo.

Mahali pasipohitaji haya yote

Sushi haikuanza kama chakula cha wachache. Samaki juu ya wali uliokandwa kwa mkono ilishika kasi mjini Edo, ambao leo ni Tokyo, miaka ya 1820, na Hanaya Yohei ndiye anayetajwa zaidi kwa kuieneza. Ilikuwa ikiuzwa vibandani, mtu anakula amesimama na kuendelea na safari. Sehemu za kula umesimama zipo hadi leo, zinapokea anayefika, na samaki wake wanatoka soko lilelile. Mwaka 1958 Yoshiaki Shiraishi alifungua karibu na Osaka mgahawa wa kwanza wenye mkanda unaozungusha sahani mbele ya wateja, na leo kwa gharama ya chakula cha kawaida cha mchana mwanafunzi anakula akashiba. Kwa safari ya kwanza ningemshauri mtu aanzie huko, ajue ulimi wake unapenda nini, kabla ya kuitafuta kaunta ya yeni 40,000.

Na mtu wa Ziwa Tanganyika akifika Kyoto, apande treni dakika kumi hivi hadi Otsu, ukingoni mwa Ziwa Biwa. Ni ziwa la kale, lenye umri wa mamilioni ya miaka kama letu, na wakazi wake bado wanatengeneza funazushi: samaki wa ziwani hutiwa chumvi, hupakiwa kwenye wali, na kuachwa miezi mingi hadi achachuke. Hiyo ndiyo namna ya zamani ya sushi, iliyokuwepo kabla ya vibanda vya Edo. Harufu yake ni kali na haimfai kila mtu, lakini hakuna foleni wala kadi ya benki.

Kwa aliyefanikiwa kupata kiti cha Tokyo, kuna jambo la kufanya akishakula. Usitoke haraka. Lipa, mshukuru mpishi, na kama mlo umekufaa na unajua tarehe utakayokuwa Japani tena, uliza kama unaweza kuweka nafasi inayofuata. Kwa msafiri wa wiki moja jibu huenda likawa hapana. Kwa mwanafunzi mwenye mwaka mzima mbele yake, aliyefika dakika tano kabla ya saa na kula kila kipande kilipowekwa, mara nyingi daftari hufunguliwa, na safari hii hahitaji kuamka saa kumi alfajiri.